Springi za Nyuma za Pikapu Inayovuta Tela

Tela linapofungwa nyuma ya pikapu, uzito wake haukai wote juu ya magurudumu yake lenyewe. Sehemu yake hushuka kwenye tufe la chuma linaloshikia tela, na kutoka hapo huingia kwenye chesisi, kwenye springi na hatimaye kwenye ekseli ya nyuma ya gari. Kwa tela la kawaida, lenye magurudumu yake karibu na katikati, sehemu hiyo hupangwa iwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela pamoja na mzigo. Tela la boti lenye jumla ya kg 2,500 litakandamiza tufe kwa kg 250 hadi 375. Mkia wa gari huzama, pua huinuka, na mwenye gari huanza kuuliza bei ya springi.

Kinachozamisha mkia ni zaidi ya uzito huo. Tufe liko nyuma ya ekseli, kwa hiyo linafanya kazi kama ncha ya wenzo. Toyota Hilux ya milango minne ina mm 3,085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Tufe likiwa mita 1.3 nyuma ya ekseli ya nyuma, na likikandamizwa kwa kg 300, ekseli ya nyuma haiongezewi kg 300 bali kg 426 hivi. Zile 126 za ziada hazikutoka kwenye tela. Zimenyanyuliwa kutoka ekseli ya mbele. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi kupita kiasi, matairi ya mbele hupoteza mshiko kwenye kona yenye changarawe, na breki za mbele, ambazo ndizo hufanya kazi kubwa zaidi ya kusimamisha gari, hubaki na uzito mdogo wa kuzisaidia kushika barabara. Taa nazo huelekea juu na kuwamulika machoni wanaokuja.

Hapa ndipo pa kuelewa kwanza, kwa sababu maamuzi yote yanayofuata yanategemea jambo hili: springi hubadilisha kimo cha gari, hazihamishi uzito. Springi ngumu zaidi, mfuko wa upepo au mpira wa kusaidia vitanyanyua mkia hadi gari lionekane limesimama sawa, lakini urefu wa wenzo haujabadilika, na ekseli ya mbele bado imepungukiwa na karibu kg 126 zilezile. Gari limenyooka kwa macho tu. Anayenunua springi akitarajia usukani urudi kama ulivyokuwa bila tela atakuwa amelipia kitu kingine.

Vilevile springi haziongezi uwezo wa gari kubeba. Kiwango cha juu cha uzito wa gari pamoja na mzigo, na kiwango cha kila ekseli, huwekwa na mtengenezaji kwa kuangalia mambo mengi pamoja: beringi, shafti za magurudumu, chesisi, matairi, rimu na breki. Springi ni kiungo kimoja tu katika mnyororo huo. Nchini Australia kuna utaratibu wa kisheria ambapo seti maalumu ya springi na shokapu iliyojaribiwa na kuidhinishwa kwa aina fulani ya gari inaweza kupandisha kiwango hicho kwenye nyaraka za gari. Seti ikifungwa nje ya utaratibu huo, hata ikiwa imetoka kiwanda kilekile, haipandishi chochote. Gari hubaki na kiwango chake cha awali.

Pikapu nyingi za milango minne zina uwezo wa kubeba takriban tani moja, na tani hiyo huliwa haraka kuliko inavyodhaniwa. Abiria watano wa kg 70 ni kg 350. Tufe limeshachukua 300. Bado kuna paa la nyuma la chuma, ngao ya mbele, tangi la ziada la dizeli, friji, jeki, tairi la pili la akiba na masanduku ya vifaa. Pikapu inayoruhusiwa kuvuta kg 3,500, kama baadhi ya matoleo ya Hilux yanavyoruhusiwa katika soko la Australia, kwa kawaida haiwezi kuvuta kiasi hicho huku imejaa watu na mizigo bila kuvuka kiwango cha ekseli ya nyuma. Tarakimu ya kuvuta na tarakimu ya kubeba husomwa pamoja.

Kupima kabla ya kununua

Kazi ya kwanza, basi, ni mizani. Mizani ya ghala la nafaka, ya kiwanda cha saruji au ya wanunuzi wa chuma chakavu inatosha. Gari hupimwa likiwa peke yake, likiwa na watu na mizigo ya safari. Kisha hupimwa likiwa limefungwa tela, magurudumu ya gari yakiwa juu ya mizani na ya tela yakiwa nje. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito unaokandamiza tufe. Baada ya hapo gari husogezwa mbele hadi ekseli ya nyuma peke yake ibaki juu ya mizani, na namba inayosomeka hulinganishwa na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni au kwenye kitabu cha gari. Ikiwa ekseli imevuka kiwango, mjadala wa springi unaishia hapo. Dawa ni kupunguza mzigo, kuupanga upya au kutafuta gari kubwa zaidi.

Kipimo cha pili hakihitaji mizani. Futi ya fundi huwekwa katikati ya gurudumu na kusomwa hadi ukingo wa mbawa iliyo juu yake, kwa magurudumu yote manne, kwanza bila tela na halafu tela likiwa limefungwa. Kupima kuanzia katikati ya gurudumu badala ya ardhini huondoa makosa yanayoletwa na upepo wa matairi. Kushuka kwa mkia kwa sentimita chache ni kawaida. Springi imeumbwa ishuke ikipewa mzigo. Kinachotia shaka ni mkia unaoshuka hadi ekseli ikaribie mpira unaozuia isigonge chesisi, au mbele inayopanda kwa kiasi kinachoonekana bila kipimo. Upande mmoja ukishuka zaidi ya mwingine, mara nyingi kuna bamba lililovunjika, na hilo hushughulikiwa kabla ya lolote.

Kuna njia ya mkato ambayo huonekana kuwa ya busara nayo ni ya hatari sana: kusogeza mzigo nyuma ya ekseli ya tela ili tufe lipate nafuu. Mkia wa gari hunyanyuka kweli, bila gharama yoyote. Lakini tela lenye uzito mwingi nyuma huyumba. Likipigwa na upepo wa lori linalopita, au dereva akikwepa shimo kwa ghafla, huanza kuchapa kushoto na kulia, na kwenye mteremko kila mchapo unaweza kuwa mkubwa kuliko uliotangulia hadi gari lenyewe lizungushwe. Matela ya boti yanahitaji uangalifu zaidi katika hili, kwa kuwa injini hukaa nyuma kabisa. Uzito wa tufe haupunguzwi chini ya asilimia 10 kwa ajili ya kuokoa springi. Hakuna springi inayotibu tela lililopakiwa vibaya.

Njia halali ya kupunguza wenzo ni kufupisha mkono unaoshika tufe. Mikono mingi huuzwa ikiwa mirefu kuliko inavyohitajika. Katika mfano wa Hilux hapo juu, tufe likisogezwa karibu kwa sentimita 15, uzito unaonyanyuliwa kutoka mbele hushuka kutoka kg 126 hadi 112 hivi. Si mabadiliko makubwa, lakini yanapatikana kwa gharama ndogo, almradi tela libaki na nafasi ya kukata kona bila kugusa bampa.

Mabamba

Hilux, pikapu za Land Cruiser za mfululizo wa 70 na sehemu kubwa ya pikapu za Afrika Mashariki zina springi za mabamba nyuma. Fungu la mabamba hufanya kazi tatu kwa pamoja: hubeba uzito, huishika ekseli mahali pake, na kwa msuguano kati ya bamba na bamba hutuliza mtikisiko kidogo. Ugumu wa bamba hutegemea upana, urefu na unene wake, na unene ndio wenye nguvu kuliko vyote, kwa kuwa ugumu hukua kwa mchemraba wa unene. Bamba la mm 9 ni gumu kuliko la mm 8 kwa takriban asilimia 42, ingawa kwa macho tofauti haionekani. Hii ndiyo sababu kuongeza bamba moja lililookotwa kwenye lundo la karakana, kutoka gari lisilojulikana, ni kubahatisha.

Ukaguzi wa springi zilizopo hutangulia uboreshaji. Mabamba yaliyofanya kazi miaka mingi kwenye barabara za vumbi huwa yamelegea na kupoteza mpindo wake. Mafundi wengi huyarudisha mpindo kwa kuyapasha moto na kuyagonga. Kimo hurudi, na kwa muda mwenye gari huridhika. Lakini chuma cha springi hupata nguvu zake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa viwango maalumu vya joto, na moto wa karakana usiopimwa huiondoa hali hiyo. Bamba lililorekebishwa hivyo hulegea tena, au huvunjika. Kwa gari litakalovuta tela, fungu lililochoka hubadilishwa. Mara nyingi fungu jipya la kiwango kilekile cha kiwanda hugundulika kuwa ndilo lililohitajika tangu mwanzo.

Ikiwa springi ni nzima na ekseli iko ndani ya kiwango, lakini mkia bado unazama kupita kiasi, swali linalofuata ni hili: mzigo huo uko kwenye gari kwa siku ngapi? Pikapu ya mradi wa maji inayovuta tangi kila siku, huku nyuma ikiwa na pampu na vifaa visivyoshushwa, ina mzigo wa kudumu. Pikapu ya familia inayovuta boti wikendi chache kwa mwaka ina mzigo wa kuja na kuondoka. Wauzaji wakubwa kama Old Man Emu wa Australia hupanga springi zao kwa uzito wa kudumu, na wana haki. Springi iliyochaguliwa kwa ajili ya kg 400 zisizokuwepo humrusha abiria kwenye kila tuta, hupunguza mshiko wa magurudumu ya nyuma kwenye mvua, na hupeleka mapigo ya barabara moja kwa moja kwenye chesisi na bodi. Kwa mzigo wa kudumu, basi, fungu zima la mabamba mazito zaidi ndilo jibu bora na imara kuliko yote: halina valvu, halina mpira wa kutoboka, na linatumia vishikio vya chesisi vilivyowekwa na kiwanda kwa kazi hiyohiyo.

Bamba moja la kuongeza, likiwa limetengenezwa kwa ajili ya gari husika, ni njia ya kati. Linafaa pale ambapo fungu bado ni zima na mzigo wa kudumu ni wa wastani. Yapo pia mabamba ya kusaidia yanayokaa juu ya fungu na kuanza kufanya kazi pale tu mzigo unapoyafikia; haya huacha gari tupu likiwa laini. Vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya ekseli na springi ili kupandisha gari havina nafasi katika mjadala huu. Vinapandisha kimo bila kuongeza ugumu hata kidogo, na huifanya ekseli ipinde springi zaidi wakati wa kuondoka na kufunga breki.

Mpira na upepo

Mpira wa kusaidia hufungwa mahali pa ule unaozuia ekseli isigonge chesisi. Ni mrefu zaidi na umeumbwa ubonyee taratibu, kwa hiyo huanza kubeba mapema, na huwa mgumu kadiri unavyobonyezwa. Timbren na SumoSprings ni majina yanayojulikana katika eneo hili. Mpira hauhitaji matunzo na hauvuji. Udhaifu wake ni kwamba haurekebishiki: ukishafungwa, gari tupu na gari lenye tela hupata mpira uleule, na ukikaa karibu mno na ekseli safari ya bila mzigo huwa ya kugongagonga.

Mfuko wa upepo hurekebishika, na ndiyo sababu unapendwa. Hufungwa kati ya ekseli na chesisi, hujazwa kabla ya safari na kupunguzwa baada yake. Aina nyingi hufanya kazi kati ya psi 5 na psi 100. Upepo kidogo hubakizwa daima hata gari likiwa tupu, kwa kuwa mfuko mkavu hujikunja, hubanwa na kupasuka. Mfuko wa kushoto na wa kulia hupewa kila mmoja valvu na bomba lake. Mifuko miwili iliyounganishwa kwa bomba moja husukumiana upepo kwenye kona: upande unaolemewa hutoa upepo wake kwenda upande ulio mwepesi, na gari hulala zaidi kuliko lingelala bila mifuko kabisa. Maandishi ya kwenye boksi yanayosema kwamba jozi ya mifuko inabeba pauni 5,000, yaani zaidi ya tani 2.2, yanaeleza nguvu ya mifuko tu. Gari bado lina kiwango chake.

Kwa gari la springi za mabamba kuna hatari moja ambayo wauzaji huitaja kwa nadra, nayo ndiyo inayostahili kutiliwa maanani kuliko zote. Fungu la mabamba hugusa chesisi sehemu mbili, mbele ya ekseli na nyuma yake, na uzito hugawanyika kati ya sehemu hizo. Mfuko wa upepo husukuma chesisi sehemu moja, juu ya ekseli, mahali ambapo kiwanda hakikukusudia pabebe mzigo mkubwa. Nyuma yake kunaning'inia tufe, tela na mizigo. Mbele yake kuna kabini na injini. Chesisi inakuwa kama ukuni unaovunjwa gotini, na mfuko ndio goti. Kwenye lami mambo huweza kwenda salama kwa miaka. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo, au gari likishuka shimoni kwa kasi huku mifuko imejazwa hadi mwisho, nguvu ya pigo moja huwa mara kadhaa ya uzito uliotulia. Pikapu zilizopinda chesisi nyuma ya kabini, mkia ukiwa umeinama kuelekea tela, zimeonekana sana kwenye njia za ndani ya Australia, na nyingi zilikuwa na mzigo mkubwa nyuma ya ekseli na mifuko ya namna hii.

Hilo halimaanishi mfuko ukataliwe. Maana yake ni kwamba springi ziendelee kubeba sehemu kubwa ya kazi, na mfuko uongezewe upepo kidogo tu, kiasi cha kurudisha sehemu ya kimo kilichopotea. Mkia ubaki chini kidogo kuliko gari likiwa tupu. Anayejaza mifuko hadi mkia upande juu ya kimo chake cha kawaida ameiondolea springi kazi na kuitwika chesisi. Magari yenye springi za koili nyuma, kama Ram 1500 tangu toleo la 2009 na Toyota Tundra tangu la 2022, yana nafuu kiasi: mfuko hukaa ndani ya koili, na pale koili inapoegemea ndipo chesisi ilipoimarishwa.

Kurudisha uzito mbele

Kifaa pekee kati ya vinavyozungumziwa ambacho kweli huhamisha uzito ni kiungo cha kugawa uzito. Kina fito mbili za springi zinazotoka chini ya tufe na kuvutwa juu kwa minyororo au vishikio kwenye mkono wa tela. Fito hizo zikikazwa hulipinda gari na tela kuelekea juu pale yanapoungana, na hivyo sehemu ya uzito hutoka ekseli ya nyuma, nyingine ikirudi ekseli ya mbele na nyingine ikienda kwenye ekseli za tela. Huko Marekani vitabu vya pikapu nyingi za wastani hukitaka kifaa hiki tela linapozidi pauni 5,000, karibu kg 2,270. Hurekebishwa kwa kuangalia mbele ya gari: kimo cha mbawa za mbele kirudi karibu na kilivyokuwa kabla ya tela, bila kukipita.

Kwenye barabara zetu kifaa hiki kina mipaka. Pikapu ikianza kupanda mwinuko mkali huku tela bado likishuka, au ikivuka korongo, fito zilizokazwa huvutwa kupita kiasi na kulemea chesisi na mkono wa tela. Kinafaa kwa safari ndefu ya lami, na hulegezwa kabla ya kuingia njia mbovu. Si kila mkono wa kuvutia wala kila tela limetengenezwa kukipokea, na kitabu cha gari ndicho cha kuulizwa kwanza.

Shokapu, breki na kufunga

Shokapu haibebi uzito. Hutuliza mchezo wa springi, na springi ikiwa ngumu zaidi shokapu ya zamani hushindwa kuituliza. Springi ikiongezwa ugumu kwa asilimia 42, utulizaji unahitaji kuongezwa kwa karibu asilimia 20. Ndiyo maana seti nzuri huuzwa springi na shokapu pamoja. Gari linaloendelea kudunda mara mbili au tatu baada ya kuvuka tuta na tela halihitaji springi ngumu zaidi, linahitaji shokapu. Matairi nayo hukaguliwa hapa hapa, kwa kuwa tairi laini lenye upepo mdogo huyumba kwa kuta zake hata juu ya springi bora.

Kuna sehemu moja ndogo ambayo husahaulika kwenye karakana nyingi. Hilux na Land Cruiser nyingi zina valvu ya breki inayounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Hiyo husoma umbali kati ya ekseli na chesisi: mkia ukiwa chini huelewa kwamba gari limebeba, na huruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Springi mpya zikipandisha mkia, valvu hudhani gari ni tupu na hupunguza breki za nyuma wakati ambapo tela linasukuma gari kwenye mteremko. Fimbo hiyo hurekebishwa kwa kimo kipya, kwa kufuata kipimo cha mtengenezaji, siku ileile springi zinapofungwa. Ni kazi fupi, na kuiacha ni kosa kubwa.

Bolti zinazopita kwenye bushi za springi hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia kwenye jeki, mpira wa bushi hubaki umesokotwa siku zote na hupasuka mapema. Yubolti zinazobana springi kwenye ekseli hununuliwa mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika, na hukazwa tena baada ya kilomita mia chache. Kufikia hapo mabamba yatakuwa yametulia na kushuka kidogo, hivyo vipimo vya kimo huchukuliwa upya, taa huelekezwa upya, na kimo cha tufe hulinganishwa na cha tela. Springi mpya zikiwa zimepandisha tufe, mkono hubadilishwa kwa ulioshuka zaidi ili tela lisimame sawa. Tela la ekseli mbili likivutwa huku pua yake ikiwa juu hutwika ekseli yake ya nyuma karibu mzigo wote, na matairi ya ekseli hiyo ndiyo huanza kupasuka.